Geuza chumba chako kiwe kamera

Mchana, ukuta unaotazamana na dirisha lako tayari una picha ya vitu vya nje. Huioni kwa sababu kila sehemu ndogo ya dirisha inaleta picha yake, nazo zote hulaliana mpaka ukaonekana mwanga mtupu. Kazi yako ni kuziondoa zote, ubakishe moja.

Chagua saa ambayo jua linapiga miti na majengo ya nje huku dirisha lenyewe likiwa kivulini. Kwa hiyo dirisha la magharibi ni la asubuhi, na la mashariki ni la alasiri. Ukuta wa kupokea picha uwe mweupe, mita 2 hadi 4 kutoka dirishani. Kama ukuta una rangi nyingine, tundika shuka jeupe.

Ziba dirisha kwa kadibodi au plastiki nyeusi nzito, kisha bandika kingo zote kwa selotepu pana. Funga mlango, ukae gizani dakika 5. Hapo ndipo mianya inapojionyesha: chini ya mlango, kwenye tundu la ufunguo, pembeni mwa fremu. Izibe yote. Picha hii ni hafifu mno, na mwanya mdogo tu unatosha kuifuta.

Sasa tundu. Kata nafasi ya sentimita 5 kwa 5 kwenye kadibodi, bandika foili juu yake, na humo ukate duara safi la milimita 10. Usitoboe kadibodi yenyewe, maana unene wake hulifanya tundu kuwa bomba na kingo za picha zinaingia giza. Subiri dakika 10 hadi 15 macho yazoee. Ukuta ukiwa mita 3 kutoka tunduni, mtu mzima aliyesimama mita 30 nje atatokea na urefu wa sentimita 17 hivi, kichwa chini miguu juu.

Picha ikiwa na ukungu, tundu ni kubwa, kwa kuwa kila nukta ya nje inatua ukutani ikiwa na upana wa tundu hilo. Lakini ukilipunguza hadi milimita 5, mwanga unabaki robo. Njia nzuri zaidi ni lenzi ya miwani ambayo bado haijakatwa kuingia kwenye fremu. Yenye nguvu ya +0.50 hukusanya picha mita 2 kutoka tunduni, +0.25 mita 4. Panua tundu hadi milimita 30, ubandike lenzi hapo: mwanga unaongezeka mara 9, na majani ya mti yanaanza kutambulika. Picha ya ukungu sasa inamaanisha umbali umekosewa, basi sogeza shuka mbele na nyuma mpaka itulie.

Kupiga picha kwa simu, iweke kwenye stendi, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 800, mwanga uingie sekunde 5, kisha ongeza au punguza. Ukiizungusha picha ili isimame wima, maandishi ya mabango yatasomeka kinyume. Ipindue juu-chini kwenye programu badala ya kuizungusha.

Usiku, toa lenzi na ufanye jaribio aliloeleza mwanasayansi Ibn al-Haytham (takriban 965–1040): panga taa kadhaa nje mbele ya tundu, kisha funika moja. Doa lake pekee ndilo litakalotoweka ukutani, kwa sababu miale hupishana tunduni bila kuchanganyika. Hili ni zuri kuliko yote, na halihitaji kifaa kingine zaidi ya taa hizo.

Usichungulie jua kupitia tundu, na lisipopigwa na jua moja kwa moja ndipo lenzi ikae. Siku ya kupatwa kwa jua, toa lenzi, punguza tundu hadi milimita 3, uelekee ukutani: kwa umbali wa mita 3 jua litakuwa duara la milimita 28 hivi, limemegwa upande.