Waridi Newala: tazama jani kabla ya ua

Anayenunua mche wa waridi huangalia ua: rangi yake, ukubwa wake, harufu yake. Kwa mkulima wa Newala au Tandahimba mkoani Mtwara, au kule juu Rondo mkoani Lindi, cha kwanza kuangalia ni jani. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba zikaenda hadi Aprili, na hewa ya nyanda hizi za juu ni ya ubaridi kuliko pwani, kwa hiyo majani huchelewa kukauka. Jani la waridi likilowa kwa takribani saa 7 mfululizo, ukungu wa madoa meusi unakuwa umeshaingia. Doa hutokea baada ya siku chache, jani huwa la njano, kisha hupukutika. Kichaka kinachobaki kitupu kila masika hudhoofika mwaka hadi mwaka.

Ndiyo maana nashauri uzunguke mtaani mwezi Machi, mvua ikiwa imekolea, utafute waridi ambalo bado lina majani. Mpigie hodi mwenye nyumba, omba vijiti vya kupanda. Mara nyingi litakuwa waridi la zamani, lenye ua dogo la petali chache, na wala lisikuudhi. Maua yenye petali nyingi zilizobanana hunywa maji ya mvua, tumba likashindwa kufunguka na kuoza likiwa bado mtini. Yale ya shina refu yanayouzwa madukani mengi hulimwa ndani ya vibanda vya plastiki, mvua haiyagusi. Usipime waridi la uani kwa hayo. Ukikuta miche ya jamii ya Kichina, kama 'Old Blush' la rangi ya pinki, chukua. Inastahimili joto na hutoa maua karibu mwaka mzima.

Kijiti kiwe na unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20. Zika theluthi mbili kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, weka kivulini. Mizizi hutoka kati ya wiki 4 na 8. Ukihamishia shambani, chimba shimo la sentimita 50 kila upande, na acha mita moja au zaidi kati ya kichaka na kichaka ili upepo upite. Waridi linataka jua kwa muda wa saa 6 kila siku, hasa la asubuhi, maana ndilo linalokausha umande.

Udongo wetu wa kichanga haushiki mbolea, kwa hiyo samadi iwe ya kutosha. Jihadhari pia na mahali palipokuwa na mikorosho iliyopuliziwa salfa miaka mingi: salfa huongeza tindikali, na waridi hupenda pH (kipimo cha tindikali ya udongo) ya 6 hadi 6.5. Pima udongo kwanza, ndipo uamue kama chokaa ya kilimo inahitajika.

Tukiitaja salfa, wakulima wa korosho wana mazoea ya kuikimbilia kila waonapo ugonjwa. Waridi nalo hupata ubwiriunga, unga mweupe kwenye machipukizi na matumba, hasa miezi mikavu yenye usiku wa baridi, na hapo salfa inafaa. Lakini isiwe ile ya vumbi ya mikorosho. Nunua ya kuchanganya na maji, pulizia asubuhi au jioni, kwani jua likiwa kali salfa huunguza majani. Madoa meusi ni habari nyingine. Hakuna dawa inayoponya jani lililokwisha ugua, ila dawa ya ukungu iitwayo mankozebu hulinda majani mapya ukianza kabla mvua haijashika. Fuata kipimo cha kwenye pakiti. Majani yaliyoanguka yaokote na kuyachoma, kwa kuwa ukungu hukaa humo ukisubiri mvua ijayo. Ukimwagilia, mwaga shinani.

Kupogolea ndiko kunakoamua maua yako yatoke lini. Mvua ikikatika, Mei, kata matawi makavu na yaliyougua, punguza yanayosongana katikati, kila mkato uwe nusu sentimita juu ya jicho (mahali chipukizi linapotokea) linaloelekea nje. Maua hufuata baada ya wiki 6 hadi 8, yaani Julai, kukiwa na ubaridi bila mvua. Kwa wauzaji wa maua ya harusi, ambazo wengi huzipanga baada ya fedha za korosho, pogoa tena mwanzoni mwa Septemba, na uwe na maji ya kumwagilia hadi Novemba.