Kabla hujawapangia wazee burudani, waulize

Unapotaka kupeleka bao na redio kwenye makazi ya wazee, iwe Lindi mjini au Masasi, kwanza tafuta muda. Asubuhi moja haitoshi. Omba ruhusa kwa afisa ustawi wa jamii na msimamizi wa makazi, kisha mpate mtu anayejua Kimwera, Kimakonde au Kiyao. Wapo wazee wanaosikia Kiswahili vizuri, lakini la moyoni hulisema kwa lugha ya nyumbani.

Zawadi zibaki kwenye gari mpaka mmalize kuongea. Bibi akishapokea sabuni na sukari, kila utakalomtajia ataitikia "sawa, mjukuu wangu". Hiyo ni adabu tu, hajakwambia anachopenda.

Maswali yaandae mapema. Huko Marekani, tangu 2010, mkazi wa makao ya wazee huulizwa mambo manane yana umuhimu gani kwake: kusoma, muziki, kuwa karibu na wanyama, kufuatilia habari, kujumuika na wenzake, yale anayoyapenda zaidi, kutoka nje hali ya hewa ikiwa nzuri, na ibada. Huku kwetu ningeongeza kusuka ukili, ule ukanda wa kushonea mkeka, na kahawa ya barazani. Ila jibu moja la kule usiliache kabisa: "ni muhimu kwangu, lakini siwezi".

Nalisisitiza kwa sababu tuliwahi kukosea. Babu mmoja alisema bao halitaki, tukaandika hapendi. Siku ya tatu nikamwona nyuma ya wachezaji, midomo ikihesabu kete shimo kwa shimo, na mmoja alipolala mapema, yaani kete yake ya mwisho ilipoangukia shimo tupu zamu ikaisha, akatikisa kichwa kwa uchungu. Kumbe vidole vimekakamaa, kete haziokoti. Tukamwekea kijana wa kumshikia, yeye anataja shimo tu. Alicheza mpaka adhuhuri.

Asiyeweza kuongea, muulize ndugu yake. Kama hana, mhudumu anayemwogesha. Halafu angalia mikono yake mwenyewe inatafuta nini.

Na mkienda kwa ajili ya mikeka, bebeni miyaa, yale majani ya kusukia, iliyokwisha kuchanwa. Kusuka ukili bibi anaweza kwa kupapasa. Kushona ndiko kunakotaka sindano, na hiyo mpeni mwenye macho.