Kiingereza cha njia ya Tunduma kwa aliyesoma kwa Kifaransa

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Mwanjelwa, Mbeya, na wanafunzi wangu wengi ni wafanyabiashara na madereva wa kutoka Lubumbashi na Kalemie, Kongo. Shule walisoma kwa Kifaransa, nyumbani wanazungumza Kiswahili. Ukishavuka Tunduma na kuingia Nakonde, upande wa Zambia, lugha ya ofisi ni Kiingereza hadi ufike Kasumbalesa, mpakani na Kongo, kwa hiyo hawana namna. Shida ni kwamba kila neno la Kiingereza wanalipitisha kwanza kwenye Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya darasani. Mimi nawaambia: matamshi yapitishe kwenye Kiswahili. Kinywa cha Mswahili kina sauti ambazo Kifaransa hakina.

Anza na "h". Kifaransa huiandika bila kuitamka, na Kiswahili cha Lubumbashi nacho huidondosha mara nyingi. Watu husema "apa". Ukimwambia mhudumu wa mgahawani "I am angry", ataelewa kwamba umekasirika, kumbe ulitaka chakula: "I am hungry". Weka kiganja mbele ya mdomo, sema hapa, hela, habari. Ukisikia pumzi mkononi, endelea na "house", "hand", "husband". Ila "hour" na "honest" ziache bila pumzi, maana "h" yake haitamkwi.

Kisha "th". Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote. Aliyezoea Kifaransa hutamka "sink" akikusudia "think", na "zis" akikusudia "this". Kiswahili sanifu kinazo sauti zote mbili: "think" ianze kama thamani, "this" ianze kama dhahabu, ncha ya ulimi ikiwa kati ya meno. Kama umezoea kusema samani na zahabu, rekebisha Kiswahili chako kwanza, Kiingereza kitafuata. Nalisisitiza hili kwa sababu namba za biashara zimejaa "th": "three", "thirteen", "thirty", "thousand". Katika "thirty" uzito uko mwanzoni. Katika "thirteen" vuta silabi ya mwisho na "n" isikike wazi. Ukichanganya 13 na 30 kwenye mchele wa Kyela, umekosea magunia 17. Mwenzako akisita, mtajie tarakimu moja moja: "one, three" au "three, zero".

Kuna sauti ambayo lugha zako zote mbili hazitakusaidia. "Live" ni kuishi, irabu yake fupi na midomo imelegea. "Leave" ni kuondoka, irabu ndefu, midomo imevutwa kama unatabasamu. Afisa atakuuliza "Where do you live?" na pia "When do you leave?", basi sikiliza neno la kwanza: "where" ni wapi, "when" ni lini.

Mkazo nao haukai mahali pamoja. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa mwishoni mwa kifungu. Kwa maneno ya mpakani shika hili: IMport, EXport na PERmit ni majina ya vitu, imPORT, exPORT na perMIT ni vitenzi. Kibali chako ni PERmit.

Kwenye sarufi, sasa, Kiswahili na Kifaransa hushirikiana kukupoteza. Nina miaka 40, "j'ai 40 ans", halafu unatoka na "I have 40 years". Kiingereza hakimiliki umri: "I am 40 years old". Njaa, kiu na baridi ni vivyo hivyo: "I am hungry", "I am thirsty", "I am cold". Ukisema "I have a cold" umesema una mafua. Niko hapa tangu Jumatatu, "je suis ici depuis lundi": Kiingereza kinataka "I have been here since Monday", na kama ni siku tatu, "for three days". Sifa nayo hutangulia jina: gari jeupe ni "a white car".

Mahali pamoja Kiswahili kinakuokoa, nako ni "the". Mfaransa husema "la vie est chère", kisha anatafsiri "the life is expensive". Wewe fikiria "maisha ni ghali", ambayo haina kibandiko chochote mbele, useme "life is expensive".

Tafadhali acha "I demand a receipt". "Demander" ya Kifaransa ni kuomba tu, lakini "demand" ni kudai kwa ukali, na afisa aliyechoka hatalipenda. Sema "Could I have a receipt, please?" Usiposikia vizuri, sema "Sorry, could you say that again?" Hakuna aibu ndani yake, na watu wengi watapunguza kasi.

Ukipanga miadi, ongeza saa sita kwenye saa ya Kiswahili: saa mbili asubuhi ni "eight o'clock in the morning". Tena Zambia, kama Lubumbashi, iko saa moja nyuma ya Tanzania. Kabla hujaagana na wakala wa forodha, uliza: "Is that Zambian time or Tanzanian time?"