Mbwa akifa Tabora: kumuaga, kumzika na kuzoea ua mtupu

Ukifiwa na ng'ombe, majirani watakuja kukupa pole, kwa sababu hasara yake inahesabika. Ukifiwa na mbwa uliyekaa naye miaka 12 utaulizwa, "Yaani unamlilia mbwa?" Hakuna turubai wala michango, kazi yote ni yako. Ikifanywa ovyo, majuto hukaa kuliko huzuni yenyewe. Kwa hiyo anza kabla hajafa.

Kwanza hakikisha kweli ni uzee. Hesabu pumzi zake akiwa amelala: kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja, na 15 hadi 30 kwa dakika ni kawaida. Inua mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole. Weupe wa alama unapaswa kurudi kuwa wa waridi ndani ya sekunde 2 hivi. Ufizi mweupe wenyewe ni dalili ya kupungukiwa damu, na huku kwenye miombo washukiwa wa kwanza ni kupe na ndorobo (mbung'o). Macho yakiingia ukungu wa kibuluu na uso ukavimba, huenda ni nagana, ugonjwa unaoletwa na ndorobo na unaotibika ukiwahiwa. Kosa linaloua wengi ni kumdunga kwa kukadiria dawa ya nagana ya ng'ombe: mbwa haistahimili vile, na ikizidi anayumba, anapata degedege, anakufa. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya binadamu, nayo humletea vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Akisema ni uzee, mlaze juu ya magunia mawili mahali pakavu na umgeuze kila baada ya saa 4, la sivyo nyonga hutoka vidonda na nzi huweka mayai humo. Kipande cha chandarua kikuukuu kinatosha kuwazuia. Maji mpe kwa kijiko pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo. Ukimmiminia kooni yanaingia mapafuni.

Kila jioni weka alama kwenye kalenda: je, leo amekula, amesimama kwenda kujisaidia, ametikisa mkia aliposikia sauti yako? Mawili kati ya matatu ni siku njema. Siku mbaya zikizidi njema ndani ya wiki moja, zungumza na daktari kuhusu kumpumzisha. Hudungwa dawa ya usingizi kwanza, kisha sindano ya mwisho kwenye mshipa wa mguu wa mbele, na huisha ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi, anaweza kuvuta pumzi moja ya kushtua au kukojoa. Hiyo ni misuli tu, hasikii maumivu. Sumu ya panya, rungu, au kumtelekeza porini si njia za kumpumzisha, hata jirani aseme nini.

Akifa, weka kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto kwa dakika kadhaa, kisha gusa kona ya jicho. Moyo haudundi, kope hazichezi: basi. Mkunje miguu mapema, kwa sababu baada ya saa chache mwili hukakamaa na shimo litabidi liwe refu zaidi. Mfunge haraka kwenye shuka ya pamba au gunia la katani, maana kupe na viroboto huhama mwili ukipoa, na watakuja kwako. Usitumie nailoni, inachelewesha kuoza. Kwa nyumba ya Waislamu, glavu za mpira zinapunguza mjadala, kwani kilichoguswa na unyevu wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo.

Mzike siku hiyohiyo. Joto la Oktoba halingoji kesho. Kwa mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hadi 20, chimba mita 1 kwa sentimita 60, kina kisipungue mita 1. Kaa angalau mita 30 kutoka kisimani, na epuka mbugani, yaani bondeni kwenye udongo mweusi: masika hujaa maji na shimo lako litakuwa kidimbwi. Chini ya mwembe kivuli ni kizuri lakini mizizi itakushinda, sogea nje ya matawi. Sururu huanza, chepe humaliza. Rudisha udongo sentimita 30, ushindilie, kisha panga mawe makubwa, halafu udongo uliobaki na miiba juu. Wengi huweka mawe juu tu, na fisi au mbwa wa mtaani huchimba kwa pembeni. Kama alidungwa dawa, uzembe huu ni hatari zaidi, kwani mnyama atakayemla atadhurika naye. Aliyepanga aombe ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kugusa jembe.

Haya yote yasahau kama kabla ya kufa alibadilika ghafla: udenda mwingi, taya kulegea, sauti ngeni, kung'ata bila sababu. Huenda ni kichaa cha mbwa. Usimguse. Mwite afisa mifugo wa kata, maana huenda kichwa kikahitajika kwa vipimo. Aliyeng'atwa, aliyeparuliwa au aliyelambwa kidondani aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo. Dalili za kichaa zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Watoto waambie "amekufa". Ukisema "amelala" wataogopa kulala. Ukisema "amesafiri" watamngoja barabarani. Mbwa aliyebaki mruhusu anuse maiti, isipokuwa kama ni ugonjwa wa kuambukiza. Vinginevyo atamtafuta uani siku nyingi.

Maumivu yana saa zake: alfajiri ukifungua geti, na jioni unapojikuta umesonga ugali wa ziada. Saa hizo zipe kazi nyingine kwa wiki mbili za mwanzo, na badilisha kufuli, kwa sababu wezi nao wamesikia ukimya. Mzee anayeishi peke yake na mbwa wake ndiye aliyekuwa mwenzake, mtembelee magharibi. Sema "pole", kisha kaa. Asipokula wala kulala wiki ya tatu, mpeleke akaonwe.

Mbwa mpya asije mbio kama wa kwanza alikufa kwa kuhara damu. Huenda ilikuwa parvo, na virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi. Sakafu na bakuli vioshe kwa jiki, sehemu 1 kwa 30 za maji; udongo hauoshwi, kwa hiyo leta aliyekwisha kumaliza chanjo. Mpe jina jipya. Akirithi la marehemu, watoto watamdai tabia za marehemu, naye bado anakojoa mlangoni.