Namna ya kwenda uwanjani msimu ambao Simba haiko sawa

Timu ikishinda hakuna anayehitaji kuelekezwa njia ya uwanjani. Unavaa jezi, unafuata kelele, unafika. Shughuli iko kwenye msimu wa kusuasua: kocha kaondoka katikati ya ratiba, straika hafungi, watani wetu Yanga wako kileleni, na yule uliyezoea kwenda naye anakwambia, "Nenda tu, mimi nitacheki kwenye simu." Mimi ni fundi cherehani wa Temeke, Simba damu, na haya ndiyo ninayoyafanya misimu ya namna hiyo.

Misimu hiyo si migeni kwetu. Baada ya ubingwa wa 2012 tulisubiri mpaka 2018 ndipo kombe la ligi likarudi Msimbazi, makao ya klabu yetu. Tukalibeba mara nne mfululizo, na watoto waliokua miaka ile wakadhani ndiyo kawaida ya dunia. Kisha 2023/24 tukamaliza wa tatu, pointi sawa na Azam, wao wakatupita kwa tofauti ya mabao na kwenda Ligi ya Mabingwa Afrika badala yetu. Kwa hiyo shabiki anatakiwa ajue namna ya kuishi na miaka ya mvua na ya ukame, na mimi naamini miaka ya ukame ndiyo hasa ya kwenda uwanjani. Ila uende kwa mpango, la sivyo utaumia, utatapanya hela, na mwezi wa pili utaacha kwenda kabisa.

Chagua mechi mapema

Ligi Kuu ina timu 16, maana yake mechi 30, na 15 kati ya hizo ni za nyumbani. Usijiapize kwenda zote. Kaa na ratiba, chagua chache ambazo mfuko na kazi vinaruhusu, na ukishachagua usibadilishe kwa sababu ya matokeo ya wiki iliyopita. Mimi napenda mechi za Jumamosi au Jumapili saa 10 jioni dhidi ya timu za mikoani, Coastal Union, Mashujaa, Namungo. Mechi ya saa 1 usiku ina raha yake, lakini ukiwa na mtoto au ukiwa mwanamke unayerudi peke yako, saa 10 jioni ni bora. Dabi, yaani mechi na Yanga, katika msimu mbovu nenda na tawi lako la mashabiki au usiende. Presha yake ni nyingine.

Angalia tangazo la klabu wiki hiyo hiyo ujue mechi iko uwanja gani. Miaka hii ya karibuni tumecheza nyumbani kwa Mkapa, Uhuru, Chamazi na KMC pale Mwenge, na kila mmoja una njia yake. Chamazi ni mpaka Mbagala Rangi Tatu kwanza, ndipo utafute daladala au bajaji ya kuingia ndani. Ukitoka Tegeta au Bunju hiyo ni safari ya kuondokea asubuhi. Wa Mwenge unashuka kituoni unatembea.

Hela na mfuko

Tiketi zinaingia kwenye N-Card, kadi ile ile ya kuvukia Kigamboni. Lipia kwa simu siku moja au mbili kabla, usisubiri foleni ya getini. Kila mtu awe na kadi yake. Mzunguko, yaani viti vya bei ya chini, kwa mechi za kawaida huwa kati ya shilingi 3,000 na 5,000, na katika msimu mbaya sioni sababu ya kulipa zaidi ya hapo, kwa sababu viti viko wazi na utakaa unapotaka. Nauli ya kurudi itenge kabisa, usiichanganye na hela ya chakula.

Na siku hiyo usiweke mkeka wa kubeti. Nalisema hili kwa uzito wote. Timu unayoipenda ikiwa inapepesuka, ukiwekea hela unageuka adui wa wachezaji wako mwenyewe. Utamtukana beki aliyekosea kwa sababu kakuchania mkeka, na hutaona tena kwamba amekimbia dakika themanini peke yake upande ule.

Sasa mfuko, ambao ndio kazi yangu. Kwenye msongamano wa getini vibaka wanatafuta vitu viwili: mfuko wa nyuma wa suruali na pochi ya begani. Shona mfuko wa ndani. Chukua kitambaa cha pamba nyepesi, ukikunje mara mbili, upana uzidi simu yako kwa vidole viwili na urefu uzidi kwa inchi 2. Shona pembeni mishono miwili miwili, mdomoni weka zipu inayolingana na upana huo, kisha ushikize mfuko kwenye ukanda wa suruali au sketi kwa ndani, mbele, kushoto kidogo kwa kitovu. Usiuweke nyongani, maana pale ndipo watu wanapokusukuma na ndipo mkono wa mtu unapopita bila wewe kushtuka. Ndani iingie simu na noti za kurudia. Kadi ishike mkononi mpaka uguse getini, halafu nayo iingie. Wateja wangu wa Simba nawashonea kwenye jinsi zao, na wa Yanga pia nawashonea, kwa bei ile ile.

Jezi ya msimu uliopita inatosha. Ikiwa imechanika kwapani, usiitupe. Mshono wa zigizaga na uzi mwekundu hauonekani. Klabu inahitaji ununue jezi mpya, ni kweli, lakini inahitaji zaidi uwepo wako, na kama hela inatosha kimoja tu, nunua tiketi.

Kufika

Kwa Mkapa, ukija na Barabara ya Kilwa shuka Uhasibu utembee. Ukitokea Ubungo au Buguruni unakuja na Mandela kupitia Tazara. Fika saa moja na nusu kabla ya mechi kuanza hata kama unajua hakutakuwa na watu, kwa sababu msimu mbaya mageti machache ndiyo yanafunguliwa na foleni inaweza kuwa ndefu kuliko ulivyotarajia. Chupa usibebe, utaiacha kwa askari.

Kula nje kabla ya kuingia. Mimi nakula mihogo ya kukaanga. Chagua anayekaanga pale pale, siyo aliyepanga ya asubuhi kwenye beseni. Anautoa muhogo kwenye mafuta, anaupasua katikati kwa kisu bila kuutenganisha, anatia chumvi na pilipili ya kusaga ndani ya ule mpasuko, kisha kachumbari juu, anakukabidhi kwenye karatasi ambayo tayari imeshaanza kulowa. Ukimaliza nunua chungwa lililomenywa. Muhogo unakaa tumboni mpaka usiku, na shabiki mwenye njaa hana subira na timu yake.

Ndani

Uwanja wa Mkapa una viti 60,000. Katika mechi ya kawaida ya msimu mbovu watu wanakuwa wachache, na hapo ndipo kuna faida ambayo aliyeangalia kwenye simu haipati. Unasikia. Unamsikia kipa akiwaita mabeki, unamsikia kocha akitaja jina la mtu, unasikia mguu ukigonga mpira upande wa pili. Kaa chini kidogo, karibu na kona, usawa wa ile boksi ambayo timu yako inashambulia kipindi cha pili. Kama mechi ni ya saa 10, epuka upande unaotazamana na jukwaa kuu, jua litakupiga usoni kipindi chote cha kwanza.

Kisha chagua mchezaji mmoja umwangalie. Timu ikiwa inafungwa, macho yote yanakimbilia mpira na moyo unakimbia nao. Ukimfuata mtu mmoja unaanza kuelewa tatizo liko wapi. Misimu mingi mimi nilimwangalia beki wetu Shomari Kapombe kule kulia. Akipanda, nani anaziba nyuma yake? Kiungo anageuka kuangalia, au anasubiri mpaka mpira upotee? Mara nyingi goli tunalomlaumu beki wa kati limeanzia hapo, pasi tatu nyuma, na kwenye televisheni halionekani kwa sababu kamera iko kwenye mpira. Ukitoka uwanjani na jibu la swali moja kama hilo, umepata kitu hata kama tumepigwa.

Goli likiingia, kaa chini. Watu watasimama, watashika vichwa, wengine wataanza kushuka ngazi. Wewe kaa, vuta pumzi, usiseme neno mpaka mpira uanze tena kati. Dakika ile moja ndiyo inayozaa matusi yote ya uwanjani. Ikishapita, imba. Waliobaki wakiwa wachache, sauti yako inafika kwa wachezaji, na kiungo aliyetoka kupoteza mpira anaigeuzia kichwa. Nimewaona wakigeuka.

Usiondoke mapumziko. Kuna ushahidi wa pande zote mbili. Tarehe 20 Oktoba 2013 tulikwenda mapumziko Yanga wanatuongoza 3-0. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenizoesha uwanja, alikataa kunyanyuka. Alisema, "Kaa hapo. Kiingilio ni cha dakika tisini." Mechi iliisha 3-3. Msimu ule wenyewe tulimaliza wa nne, ulikuwa mbovu, lakini alasiri ile bado inasimuliwa vijiweni, na waliokuwa wameshafika kwenye daladala wanaisimulia kwa kusikia. Sasa chukua tarehe 5 Novemba 2023. Mapumziko ilikuwa 1-1, watu wanacheka, wanapigiana simu. Iliisha 5-1 kwa Yanga, na siku chache baadaye kocha wetu Robertinho akaondoka. Ubao wa mapumziko haukuambii kitu, uwe mzuri au mbaya.

Kuhusu mdomo. Kosoa mchezo, usimguse mtu wala mama yake. Nilikwenda na mtoto wa dada yangu, yuko darasa la nne, na winga wetu mmoja akazomewa kila alipogusa mpira. Mtoto akaniuliza, "Mama mdogo, huyo si wa kwetu?" Nikamwambia ni wa kwetu. "Sasa mbona sisi ndio tunamzomea?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwambia ampigie makofi, akampigia, na kaka wawili waliokaa mbele yetu wakageuka, wakaanza nao. Nakushauri kama unaweza nenda na mtoto msimu mbaya. Viti ni vingi, msongamano ni mdogo, na watu wazima wanajichunga zaidi akiwepo. Chupa na mawe hata usifikirie: Bodi ya Ligi inaitoza klabu faini, na faini hiyo inatoka kwenye hela zetu wenyewe.

Kutoka

Filimbi ikilia subiri wachezaji waje kushukuru. Wakija, wapigie makofi; wasipokuja, tumeona, na hilo likasemwe kwenye mkutano wa tawi, siyo kwa kulivizia basi lao. Toka na kundi kubwa. Bodaboda waliopo getini wanapandisha bei kwa sababu wanajua umechoka, kwa hiyo tembea mpaka barabara kubwa ndipo upande, na bei ikubaliwe kabla hujakaa. Mkiwa watatu wa njia moja, bajaji inatoka nafuu. Simu usiitoe kuangalia msimamo wa ligi ukiwa unatembea gizani. Msimamo haubadiliki mpaka ufike nyumbani.

Kesho yake

Jirani yangu wa cherehani ni Yanga. Kanuni ninayoifuata tukifungwa ni kuwahi kazini kabla yake na kumsalimia wa kwanza, kwa furaha, na kumwambia hongera kabla hajafungua mdomo. Utani wa jadi una adabu yake: unautwanga leo, kesho unatwangwa, na hakuna kununa. Ukijificha siku ya kufungwa, siku ya kushinda hutakuwa na haki ya kusema. Kama mliwekeana soda, mnunulie kabla ya saa 4, asije kukudai mbele ya wateja. Akizidisha mpaka akaingiza familia au dini, mwambie palepale kwamba huko sipo, na urudi kwenye kazi yako.

Kama bado huna tawi, tafuta la mtaani kwako wiki hiyo hiyo ya kufungwa. Uliza kwenye kijiwe cha kahawa, utaelekezwa. Msimu wa ushindi matawi yanajaa wageni na viongozi hawana muda na mtu. Msimu mbovu wanakaa watu saba au wanane kwenye benchi, watakukaribisha, watakuingiza kwenye daftari la safari, na mkikodi Coaster kwenda Chamazi nauli mtagawana. Mwambie katibu mapema mechi ulizozichagua, ili jina lako liwemo kabla viti havijaisha.