Kabla Hujalipa: Mambo ya Kujua Kuhusu Kurejesha Mali Dukani

Maduka mengi ya mjini yameandika ukutani au chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairejeshwi." Usiyapite maneno hayo. Muulize mwenye duka ana maana gani, maana kila mmoja ana yake: yupo asiyerejesha pesa lakini anabadilisha, yupo anayebadilisha ndani ya siku tatu tu, na yupo atakayekupa kitu cha bei ile ile, ukichagua cha bei ndogo chenji huipati. Uliza hivi: "Nikikuta ina kasoro, nabadilishiwa, natengenezewa au narejeshewa pesa? Na ni ndani ya siku ngapi?" Jibu liandikwe nyuma ya risiti na lipigwe mhuri. Ahadi ya mdomo ya kijana aliyekuuzia haitakusaidia ukirudi ukamkuta tajiri wake.

Rangi ikikuchusha au nguo ikikubana, kubadilishiwa ni hiari ya duka. Mali mbovu ni jambo jengine. Zanzibar ina Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji, namba 5 ya 2018, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara hupokea malalamiko ya wanunuzi. Kwa hiyo maandishi ya ukutani yasikufanye ukae kimya na pasi isiyopata moto. Lakini huko nako utaulizwa risiti, nayo iwe imetaja mali yenyewe na modeli yake. Risiti iliyoandikwa "vifaa" haikusaidii. Karatasi za mashine hufifia kwa joto na jasho la mfukoni, basi ipige picha siku ile ile. Kwa simu, bonyeza *#06# na ulinganishe namba inayotokea na ya kwenye boksi, kisha iandikwe kwenye risiti.

Vitu vya umeme ndivyo vinavyoleta ugomvi mkubwa, hasa vya mtumba. Geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Kilichotengenezwa kwa matumizi ya Japani ni volti 100, cha Marekani 120. Ukikichomeka moja kwa moja kinaungua, na muuzaji atasema umekiunguza mwenyewe. Pasi ipate moto mbele yako, blenda izunguke kasi zote, friji iachwe iwake mpaka uguse ndani na uhisi baridi. Friji iliyosafirishwa imelazwa isimamishwe masaa kadhaa kabla ya kuwashwa, ikiwezekana usiku kucha, kwani mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba na yanahitaji muda wa kurudi. Ukiiwasha mapema kompresa inaweza kufa, na kosa hilo usitegemee garantii ilibebe.

Anayenunua Unguja na kupeleka Chake Chake au Wete ana swali la ziada: mali ikirudi, nauli ya mzigo analipa nani? Ukinyamaza, utalipa wewe. Ndiyo maana boksi lifunguliwe Unguja, kitu kijaribiwe, kisha kifungwe tena na vizuizi vyake vyeupe vya ndani. Kioo cha televisheni kikipasuka kwenye boti, muuzaji hahusiki. Boksi lenyewe usilitupe mpaka siku za kurejesha zipite.

Doti ya kanga itandaze yote penye mwanga kabla ya kulipa. Tazama vipande vyote viwili: jina limenyooka, pindo halikupinda, rangi haikuvuja. Ikishakatwa na kupindwa hairudi, sawa na kitambaa kilichopimwa. Nguo za ndani, hereni na manukato yaliyofunguliwa usitarajie kupokelewa. Nguo za Sikukuu zinazonunuliwa kwenye msongamano wa mwisho wa Ramadhani, uliza kama zitabadilishwa baada ya Idi. Za mtoto zipimwe mapema, kibandiko kisitolewe.

Ukilipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa malipo, na uulize mapema makato ya kutuma atayabeba nani pesa zikirudi.

Kasoro ikijitokeza, rudi haraka na risiti, boksi na waya zote. Kifaa kisiguswe na fundi wa mtaani kwanza: stika ya garantii ikichanika, duka lina sababu ya kukukatalia.