Kabla ya kumwacha mtoto mchanga na mtu asiyemjua: mambo ya kuzingatia

Mtu akipanga kurudi kazini, kusafiri au kubadilisha mlezi, huangalia likizo, fedha na ratiba. Umri wa mtoto husahaulika, nao ndio wenye usemi mkubwa kuliko hayo yote. Mtoto wa miezi 3 huweza kubebwa na mgeni mwenye mikono tulivu na bado akamtabasamia. Akifika miezi 7 au 8, mgeni huyohuyo akinyoosha mikono tu, kilio. Kwa watoto wengi, kukataa watu huanza kati ya miezi 6 na 9, hukolea mtoto anapokaribia kutimiza mwaka, kisha hupungua kidogo kidogo kadiri mwaka wa pili unavyosonga. Kulia mzazi anapoondoka ni jambo jingine lenye mwendo wake, na huwa kali zaidi kati ya miezi 10 na 18. Mwenye nafasi ya kuchagua na amkutanishe mtoto na mlezi mpya mapema, kabla ya miezi 6. Asiye na nafasi hiyo, na wengi hawana, aongeze siku za kuzoeana.

Inafaa pia wakubwa wote watakaohusika waelewe kilio hicho kinatoka wapi, maana mgeni aliyekataliwa hununa, mzazi huona haya, na lawama zote humwangukia mtoto: amedekezwa, amezoea mikono. Sauti ya mama mtoto huitambua tangu siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Kinachoongezeka katika nusu ya pili ya mwaka ni uwezo wa kumlinganisha aliye mbele yake na wale anaowakumbuka, na kutambua kwamba aliyetoka machoni bado yupo mahali fulani. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliona utambuzi huu wa pili ukianza kwenye miezi 8 hivi. Mtoto analia kwa sababu amekua kiasi cha kujua nani ni wake. Wapo wanaopiga mayowe, wapo wanaokodoa macho na kunyamaza, na wapo ambao hawajali sana. Kila mmoja na tabia aliyozaliwa nayo. Ila mtoto wa miezi 9 au zaidi ambaye hatazami watu usoni, hatabasamu, wala haonyeshi tofauti yoyote anapoachwa na anaporudiwa, apelekwe akaonwe na mtaalamu wa afya ya watoto.

Halafu jiulize kwa ukweli: watu wa mtoto huyu ni akina nani? Zamani iliaminika kwamba mtoto hushikamana na anayemlisha. Mwaka 1958 Harry Harlow, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha majaribio ya vitoto vya kima vilivyowekewa "mama" wawili wa kuundwa, mmoja wa waya na mwingine aliyefunikwa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipotoka kwa yule wa waya, vitoto vilishinda vimemkumbatia wa kitambaa. Mwaka 1964 Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha utafiti wao wa watoto 60 wa jiji la Glasgow, Uskoti, waliowafuatilia nyumbani kwao. Wengi walikuwa wameshikamana na zaidi ya mtu mmoja, na aliyependwa zaidi si lazima awe anayekaa nao saa nyingi. Alikuwa yule anayewaitikia haraka na kucheza nao. Hapo mzazi mwenye wivu apumue. Mlezi mpya akipendwa hakupunguzii kitu, na kama hapendwi kabisa baada ya wiki kadhaa, hiyo ndiyo habari ya kukutia wasiwasi. Unapomchagua, mtazame anavyoitikia: mtoto akiguna anageuka? Akigeuza uso kwa kuchoka, anamwacha apumzike au anazidi kumchezesha?

Sasa siku ya kukutana. Hapa ndipo maandalizi yanapolipa, na anayehitaji kuandaliwa zaidi ni mgeni. Mwambie mapema asije moja kwa moja kumnyakua. Aingie, azungumze nawe, akae chini ili asimsimamie mtoto kwa urefu wake, na asimkazie macho. Ashike kitu cha kuchezea akichezee mwenyewe, akiweke karibu, asubiri. Mtoto awe mapajani mwako au pale anapoweza kukugusa, kwa sababu mgeni yuleyule hutisha kidogo mtoto akiwa kwa mzazi na hutisha sana akiwa mbali naye. Kwenye nyumba anayoijua huogopa kidogo kuliko mahali pageni. Na asikutwe ana njaa, usingizi au homa. Wakubwa wengi hushindwa kwenye kule kusubiri. Dakika tano za kutotazamwa huwaonekea kama dharau, wakaanza kupiga makofi na kuita jina, na kazi yote ikaanza upya.

Nawe utazame uso wako. Mtoto akikutana na jambo asilolielewa, humgeukia mtu wake kuona analichukuliaje. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1985, watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza iliyofunikwa kioo kinachopitisha macho, ambayo upande mmoja ulionekana kama una shimo. Mama alipoonyesha uso wa furaha, wengi walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, hakuna aliyevuka hata mmoja. Kwa hiyo kama mlezi huyo humwamini, mtoto ataisoma shaka hiyo usoni mwako. Usijifunze kuficha, tafuta mlezi mwingine.

Mara ya kwanza mbaki wote watatu. Baadaye ondoka kwa dakika chache, ukiwa chumba cha pili, ukirudi kabla kilio hakijakolea, kisha refusha. Kutoroka mtoto akiwa ametazama pembeni kunakupunguzia wewe adha ya kuona machozi, lakini yeye kunamfundisha kwamba ukitoka machoni tu unaweza kuwa umepotea, na siku inayofuata atakung'ang'ania zaidi. Aga kwa maneno yaleyale kila siku, fupi, kisha nenda. Kurudirudi mlangoni kunawatesa wote. Kitambaa alichokizoea kinasaidia kumtuliza anapokuwa macho, ila aliye chini ya mwaka mmoja asilazwe nacho, kwa hofu ya kuziba pumzi.

Kurudi nako kunataka mpango. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye katikati ya miaka ya 1950 aliwachunguza akina mama na watoto wao vijijini karibu na Kampala, baadaye alibuni huko Baltimore, Marekani, jaribio la chumbani: mama anatoka, mgeni anabaki na mtoto, mama anarudi. Alichokipa uzito zaidi kilikuwa jinsi mtoto anavyompokea mama. Wengi walimwendea wakabembelezwa, wakatulia, wakarudi kucheza. Wengine walimng'ang'ania huku wakimpiga mateke. Wengine walimpita kana kwamba hawakumwona, na vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba watoto wa namna hii mioyo yao hupiga kasi ingawa nyuso zimetulia. (Jaribio hili hufanywa na waliofunzwa, usimfanyie mwanao sebuleni ukampa alama.) Basi mlezi akikuambia "leo hakulia kabisa", uliza pia kama alicheza, alikula na alilala. Na usishangae mtoto aliyeshinda vizuri akiangua kilio anapokuona. Mpokee kwanza, mbebe mpaka mwili wake ulegee; habari za siku utazisikiliza ukiwa naye mikononi.